Mjumbe wa Chumba cha Kufuma

Siku wafumaji walipomchagua Shangazi kuwa mjumbe wao kwenye mkutano mkuu wa taifa wa chama cha wafanyakazi, hakuna aliyejisumbua kupiga kampeni. Fundi wa mitambo, yule waliyemwita Grisi kwa sababu ya mikono yake, alijaribu kulitaja jina lake mwenyewe, akazomewa kwa upendo, akakaa. Ndipo mama mmoja wa mashine za mbele aliposema, "Jamani, tusizungushane. Nani humu ukimweleza shida yako unajiona na wewe ni mtu?" Mikono yote ikaelekea upande mmoja. Shangazi mwenyewe alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu. Alipoinua kichwa akakuta watu wazima wanamnyooshea vidole, akadhani amekalia rangi mbichi.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kiwandani. Jina lilimkaa tu, kama majina yanavyowakaa watu wa aina yake. Ukimwendea na jambo aliacha kila kitu, akakugeukia mzima mzima, akakutazama usoni bila kupepesa mpaka umemaliza. Hakukukatiza maneno, wala hakutupa macho pembeni. Siku hizi mtu anakwambia "nakusikiliza" huku kidole kiko kwenye simu, na ukimuuliza umesema nini anaanza kukuna kichwa. Shangazi hakuwa hivyo. Ukiondoka kwake ulikuwa mwepesi, hata kama hakukupa ushauri wowote, na mara nyingi hakukupa.

Sasa nikwambie jambo ambalo wapiga kura wale hawakulijua: Shangazi alikuwa hasikii. Sikio la kushoto lilikuwa limekwenda zamani, na la kulia lilikuwa likimfuata mwenzake taratibu. Alichokuwa anakitazama usoni mwa watu kwa heshima yote ile ilikuwa midomo yao. Alikuwa anaisoma.

Kosa hilo wasingelifanya watu wengine ila wafumaji. Kwenye chumba cha kufuma mashine zinapiga kelele mpaka unaisikia sakafu ndani ya magoti, na hakuna binadamu anayeweza kupaza sauti juu yake. Kwa hiyo wote humo, wenye masikio mazima na wenye mabovu, huongea kwa midomo na mikono. Kidole na gumba vikiachana ghafla, maana yake uzi umekatika. Ngumi juu ya bega, msimamizi anakuja. Na ukitaka kutoka kidogo, unamtazama jirani yako na kugusa chini ya jicho: niangalizie mashine. Naye akikubali anagusa chini ya jicho lake, kisha anakunyooshea kiganja kuelekea mlangoni: nenda, naangalia. Mle ndani Shangazi alikuwa mtu kama watu wengine, tena hodari kuliko wengi. Nani angemtilia shaka?

Na hoja aliyotumwa kuipeleka mkutanoni, hebu ona mambo ya dunia, ilihusu masikio. Tawi lao lilitaka kila kiwanda chenye kelele kiwapime wafanyakazi masikio kila mwaka, kwa daktari asiyelipwa na kampuni, na aliyeharibika ahamishiwe kazi nyingine kwa ujira uleule, asifukuzwe. Hoja hiyo ilizaliwa siku alipoondolewa Mzee wa Mashine ya Mwisho. Kengele ya hatari ililia, watu wakatoka, yeye akabaki anafuma. Kampuni ikasema mtu asiyesikia kengele ni hatari kwa nafsi yake, ikampa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Mpaka leo mzee anaitazama tu ile saa, maana mlio wake hajawahi kuusikia.

Kwa hiyo Shangazi alikuwa amebanwa huku na huku. Hoja ikipita, angeweza kusema ukweli wake na bado akala kwa jasho lake. Ukweli ukitoka kabla ya hoja kupita, njia ya Mzee ilikuwa wazi inamsubiri. Mumewe alikuwa mshonaji wa nguo, kazi ya leo kuna kesho hakuna, na nyumba ilisimama juu ya mashine yake yeye. Akapiga moyo konde. Nitakwenda, nitafunga mdomo, nitatazama midomo, nitarudi. Ndivyo alivyojiambia.

Tawi lile lilikuwa na desturi yake: mjumbe haondoki mpaka achezeshwe mkutano wa mazoezi. Desturi ilianza baada ya mjumbe mmoja wa zamani kusimama ukumbini mbele ya umati, akasema "Nawasalimu," akakaa, na huo ndio ukawa mchango wote wa tawi kwa mwaka ule. Basi zamu ya asubuhi ilipotoka, benchi za kantini zikapangwa mistari, watu wakagawiwa kadi za kura zilizokatwa kwenye maboksi ya uzi, na Katibu wa tawi akakaa mbele kuwa mwenyekiti.

Katibu alikuwa mtu wa ghala la vitambaa, mfupi, nadhifu, mwenye masikio ya paka. Alisifika kwamba akiwa ghalani alisikia sufuria ya chai ikifunikuliwa kantini. Yeye naye alikuwa anakwenda mkutanoni, kama mtazamaji asiyepiga kura, na kwa ajili hiyo alikuwa amenunua viatu vipya ambavyo alivivaa nyumbani jioni ili vimzoee. Kitu kimoja alichokipenda kuliko viatu ni kipaza sauti. Akakishika kwa mikono miwili, akakipuliza, akakibandika mdomoni.

Shangazi, kwenye benchi ya mbele, akaona mdomo wa Katibu ukipotea.

Hakuwa amelifikiria hilo. Miaka yote ile alikuwa ameogopa giza, ndevu, na watu wanaotafuna wakiongea, na kumbe kitu cha kuogopa kilikuwa kipaza sauti. Kilichobaki kwa Katibu kilikuwa macho mawili na nyusi. Na mkutano mzima wa taifa, mchana kutwa, kila msemaji angekuwa na kitu hicho mdomoni, tena mbali, jukwaani.

Akajikaza. Alijua utaratibu: mwenyekiti anasoma hoja, anauliza wanaounga mkono, halafu wanaopinga. Nyusi za Katibu zikapanda na kushuka kwa muda mrefu, hiyo ikawa hoja. Kisha zikapanda zikabaki juu, hilo likawa swali. Shangazi akainua kadi yake kwa mkono ulionyooka.

Alikuwa peke yake. Kwa sababu Katibu, kwa ujanja wake, alikuwa ameamua kumpima mjumbe kwa kuanza na wanaopinga, na mjumbe alikuwa amepinga hoja ya tawi lake mwenyewe mbele ya watu waliomtuma.

Kantini ikalipuka kwa kicheko. Grisi alicheka mpaka akashika ubavu. Shangazi akageuka, akaona meno yao, akaelewa, naye akacheka kuliko wote. "Nilikuwa nawapima nyinyi," alisema. "Nione kama mko macho." Wakampigia makofi kwa hilo. Mtu mmoja tu hakucheka, binti wa mashine ya jirani yake aliyeitwa Mrefu. Yeye alikuwa anamtazama Shangazi kama mtu anavyoutazama uzi unaoanza kulegea.

Alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na hofu. Hoja ile ingeweza kushindwa kwa kura chache. Ingeweza kushindwa kwa kura yake.

Nyumbani alimkuta mumewe amelala kifudifudi juu ya meza ya kukatia, anachora chaki kwenye kitambaa cha buluu iliyoiva. Kilikuwa cha koti la mkutanoni. Wifi yake naye alikuwepo, dada mtu, mwanamke mwenye mdomo usio na likizo. Alikuwa ameleta sanduku la kuazima.

"Mshike vizuri huyu," wifi alisema, akilipiga sanduku kofi. "Amekwenda harusi nyingi kuliko wewe. Na ukikaa na wakubwa huko usisahau kwamba sisi tulikuoa hujui hata kupika chai isiyo na moshi."

"Mlinioa kwa sababu kaka yenu alikuwa amekosa mtu wa kumwonea huruma," Shangazi alijibu, maana midomo ya wifi ilisomeka hata kutoka barabarani.

Wifi akacheka, akazunguka nyuma yake kulifungua sanduku, na bila shaka aliendelea kuongea, kwa kuwa hajawahi kunyamaza akiwa ameamka. Mumewe akainua kichwa, akamtazama Shangazi. "Dada anauliza utachukua shuka lako au mtapewa huko."

"Langu," alisema Shangazi, na moyoni akaudhika kidogo. Mumewe alikuwa na tabia hiyo ya kurudia maneno ya watu, miaka nenda miaka rudi. Mgeni akisema kitu, yeye lazima akiseme tena. Watoto walipokuwa nyumbani walikuwa wakimwita Redio.

Wifi alipoondoka, koti likaanza kupimwa. Shangazi alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, mumewe akizunguka na pini midomoni. Mteja mmoja akapitisha kichwa mlangoni kuuliza suruali yake. Mumewe akamjibu hukohuko na pini zake, mdomo umefumba nusu, na mteja akaridhika, akaenda. Kisha mumewe akataka kumwambia mkewe jambo kuhusu bega. Akachomoa pini ya kwanza, akaichoma kwenye ukingo wa shati lake. Akachomoa ya pili. Ya tatu. Akazunguka kutoka nyuma mpaka mbele, akasogea upande wa dirisha ili mwanga umpige usoni, ndipo akasema, "Bega hili nimelishusha kidogo, uweze kuinua mkono."

Shangazi aligeuza macho kwenye ukingo wa shati. Alikuwa anazitazama zile pini.

Mteja alijibiwa na pini. Wifi naye, siku zote, alijibiwa na pini mdomoni. Akajaribu kukumbuka hata siku moja ambayo mtu huyu aliongea naye yeye na pini mdomoni, akaikosa. Akakumbuka jinsi kitanda kilivyohamishwa kikaelekea dirishani, akaambiwa ni kwa ajili ya upepo. Akakumbuka kiti chake mezani, kilivyokuwa daima kinautazama mlango. Akakumbuka Redio.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

Mumewe hakujifanya hamnazo. Alipapasa ukingo wa shati lake penye pini. "Tangu ulipoacha kunigombeza kwa kukoroma."

"Hiyo ni miaka!"

"Ni miaka."

"Na hukusema."

"Ulikuwa unaficha vizuri," alisema. "Nikaona nikusaidie kuficha."

Machozi yakamjia Shangazi, hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa umebanwa ndani ya koti lisilo na mshono. Alikuwa amedhani amebeba mzigo ule peke yake, kwa siri, kwa ustadi mkubwa. Kumbe upande wa pili kulikuwa na mtu ameushika siku zote. Alimpenda mtu yule kwa namna iliyomuuma kifua.

Mumewe akamwacha alie kidogo. Kisha akasogea tena kwenye mwanga, akasema polepole, "Lakini huko ukumbini, mke wangu, mimi sipo."

Kesho yake mashine zilipowaka, Shangazi alimgeukia Mrefu. Alikuwa amekwisha kuamua, na alijua kwamba pa kuanzia ni mahali pale ambapo hakuna msimamizi anayeweza kuchungulia mazungumzo. Akagusa sikio lake. Kisha kidole na gumba vikaachana: uzi umekatika. Akagusa la pili. Vikaachana tena.

Mrefu akaitikia kwa kichwa. Midomo yake ikasema, "Najua. Niliona jana kwenye kura." Halafu akatazama huku na huku, msichana mwenye nguvu zake, ambaye hata nguo za kike zilikuwa fupi kwake, akagusa sikio lake mwenyewe na kukunja midomo kama mtu anayepiga mluzi. Kichwani mwake kulikuwa na mluzi. Hata nyumbani, hata akiwa amelala, ulikuwa unapiga.

Shangazi akamtazama kwa muda. Mzee wa Mashine ya Mwisho alikuwa ameanza na mluzi. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza na mluzi. Uzi wa mashine yake ukakatika kwelikweli, akainama kuufunga fundo, akaukaza kwa hasira. Kisha akagusa chini ya jicho: niangalizie. Mrefu akagusa chini ya jicho lake, akanyoosha kiganja: nenda, naangalia.

Akaenda ghalani.

Katibu alimsikiliza akiwa amekaa juu ya majora ya kitambaa, miguu haigusi chini. Alipokwisha kusikia, alitazama kama mlango wa ghala umefungwa.

"Shangazi," alisema, "unajua nikilitamka hili kwenye kikao, afisa utumishi atakuwa nalo kabla hatujafunga mlango."

"Najua."

"Na unajua kwamba Grisi ndiye mjumbe wa akiba. Masikio yake mazima. Tunaweza kusema umeugua."

"Basi mpelekeni Grisi," alisema Shangazi, na hakuwa anatania. Lilimtoka kwa uchungu, lakini alilimaanisha. Alikuwa ameiona kura yake mwenyewe ikiinuka peke yake kantini, na hakutaka kuiona tena.

Katibu akashuka kwenye majora. Akatembea mpaka mwisho wa rafu, akarudi. "Grisi akisimama mbele ya watu wa taifa zima aseme masikio yanaharibika, mtu wa kwanza atamuuliza, wewe umejuaje? Atafungua mdomo, ataleta mzaha, wataicheka hoja. Wewe hakuna atakayekuuliza." Akajikuna shingo. "Tatizo ni kwamba hutasikia wakiuliza."

"Mrefu anaweza kukaa mbele yangu, anitazame, aniambie kwa mikono. Lugha yetu anaijua. Lakini mlango wa ukumbini unaingia mjumbe mmoja na mtazamaji mmoja."

Na mtazamaji, unakumbuka, alikuwa nani. Katibu aliangalia miguu yake. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu vya kazi, vile vya zamani, lakini ilionekana wazi kwamba alikuwa anavitazama vile vingine. Hakujua ishara hata moja ya wafumaji. Ghalani hakuna kelele. Alishusha pumzi ya mtu anayeaga marafiki.

"Viatu vyangu," alisema, "vitakwenda kutembea ghalani. Nitavivaa hapahapa. Liwalo na liwe."

"Katibu..."

"Usinishukuru, nitabadili mawazo. Sasa sikiliza. Hili tunalinyamazia mpaka ufike kule. Unasimama, unasema, hoja inapita, unarudi ukiwa na kinga."

Shangazi akatikisa kichwa. "Walinichagua kwa sababu walidhani nasikia. Siwezi kwenda kuwasemea nikiwa nimewadanganya. Nitawaambia kwenye mazoezi ya mwisho. Wakinitaka bado, nakwenda. Wasiponitaka, koti la buluu nitavaa harusini."

"Na kampuni?"

"Kampuni itasikia tu. Afadhali isikie kwangu."

Katibu akachukua kalamu, akaandika jina la Mrefu mahali pa lake.

Mazoezi ya mwisho yalifanyika siku moja kabla ya safari. Benchi zilipangwa vilevile, kadi za maboksi zikagawiwa, na watu walikuwa wengi zaidi, kwa sababu habari ya kwamba mjumbe alipinga hoja yake mwenyewe ilikuwa imetembea kiwanda kizima na kila mtu alitaka kuona vichekesho vya pili. Shangazi alivaa koti. Lilimkaa vizuri, bega limeshushwa kidogo. Mrefu alikaa benchi ya mbele, magoti yake yakikaribia kugusa meza ya Katibu. Shangazi akasimama pembeni ya meza hiyo, uso kwa watu, na nyuma yao aliuona mlango wa kantini ukiwa wazi.

"Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe," alianza. Sauti yake ilikuwa kubwa mno. Hakujua, na leo hapakuwa na haja ya kuirekebisha. "Mimi ni mfumaji. Nimefuma nguo za shule, mashuka ya hospitali, na sanda. Siku mliponichagua mlisema mimi ni msikivu. Mliniheshimu sana. Lakini nilikuwa natazama midomo yenu. Masikio yangu yameliwa na mashine, yote mawili. Sisikii."

Mtu wa nyuma aliyekuwa anaanza kucheka akafunga mdomo.

"Juzi nilipinga hoja kwa sababu Katibu alijificha nyuma ya kipaza sauti, na mimi nikabahatisha. Nikasema nawapima. Haikuwa kweli, na naomba mnisamehe. Kesho naondoka, kama bado mnanitaka. Nitakuwa na Mrefu, atanisikilizia. Na nikisimama pale sitasema habari za Mzee tu. Nitasema habari zangu. Nataka mchague tena, mkijua mnamtuma nani."

Alikuwa anazitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, kama ilivyokuwa kawaida yake. Aliona mama wa mashine za mbele akipitisha kiganja machoni. Alimwona Grisi ameinamisha kichwa. Halafu, juu ya vichwa vyote, akamwona afisa utumishi.

Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Huenda alifuata sukari, huenda alifuata kitu kingine. Alikuwa amefika mapema vya kutosha. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa mtu anayefanya kazi yake, na kazi yake ndiyo iliyompa Mzee saa ya ukutani. Akanywa fundo moja, akakishusha kikombe, na midomo yake ikawa wazi kabisa, haina pini wala kipaza sauti. Kutoka upande wa pili wa kantini Shangazi aliisoma bila shida.

"Na nani mwingine humu hasikii?"

Akangoja vichwa vigeuke, kama vichwa vinavyogeuka mkubwa anapoongea.

Hakuna kilichogeuka.

Wafumaji walikuwa wamekaa, nyuso mbele, wanamtazama yeye. Hakuna bega lililojongea. Walikuwemo vijana wa zamu mpya wenye masikio mazima waliyozaliwa nayo, walikuwemo wapakizi, alikuwemo mpishi wa kantini aliyesimama hatua chache tu kutoka mlangoni, akichota maharage kwa utulivu mkubwa. Afisa utumishi akauliza tena. Safari hii Shangazi aliona mishipa ya shingo yake, akajua amepaza sauti. Watu wote mle ndani waliendelea kumtazama mjumbe wao, wamekaa kimya kama watu wasio na habari.

Katibu, mwenye masikio ya paka, alikuwa amevaa viatu vipya. Akakiweka kipaza sauti juu ya meza, mbali na mdomo wake. Akamgeukia Shangazi uso mzima, akasogea kwenye mwanga.

"Ndugu mjumbe, mbona umenyamaza? Kuna mtu amesema kitu?"

Shangazi akamtazama afisa utumishi machoni, kule mlangoni.

"Mimi sijasikia kitu, Katibu," alisema.

Hapo ndipo mabega yalipoanza kutikisika kwa kicheko cha ndani, mstari baada ya mstari, lakini hakuna aliyegeuka. Chai ilikuwa imemwagikia kidole cha afisa utumishi. Alisimama kidogo zaidi, akiwatazama visogo, kisha akaondoka, na Shangazi alijua kwamba hatakwenda mbali. Hakuna lililokuwa limekwisha. Hoja ilikuwa bado haijapita popote.

"Basi tupige kura," Katibu alisema, mdomo wake wazi, neno moja moja. "Naanza na wanaomtaka aende."

Kadi zikapanda. Shangazi hakuwa na haja ya kuzihesabu. Akashusha macho kwa Mrefu pale benchi ya mbele, na Mrefu alikuwa na kadi mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia aligusa chini ya jicho, kisha akanyoosha kiganja kuelekea mlangoni.